Neno la Langoni

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, maana hadi leo nikiiwaza masikio yanawaka kwa aibu. Nilikuwa mshauri nasaha kijana katika kliniki ndogo hapa Kisumu, watu wakiniita daktari, nina cheti kipya ukutani na kiburi cha kutosha watu watatu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nilidhani zangu ndizo ndefu kuliko za wote.

Akaja mvuvi kutoka Port Victoria, Bwana Okumu. Boti yao ilikuwa imepinduka, ndugu yake akafa maji, na tangu hapo halali wala hali chakula. Nikamuuliza maswali yote ya kwenye fomu. Yeye akanieleza habari za mvua, bei ya omena, wale dagaa wa ziwani, na jinsi ng'ombe wa mama yake alivyozaa. Saa nzima ikapita hivyo. Nikamwambia tuonane wiki ijayo, nikainama kuandika: "Anaendelea vyema." Loo! Ujinga nao una mwandiko mzuri.

Mama Risper, aliyekuwa akipiga deki nje, akasimama mlangoni na tambara lake.

"Daktari, umemwacha mgeni atoke peke yake? Kwani kwenu wageni hawasindikizwi?"

"Mama, amemaliza. Ameongea saa nzima."

"Amekusalimia saa nzima. Mtu wa huku neno lake hulitoa ukimsindikiza. Hebu amka!"

Huyo mama hakuwahi kukaa darasa la ushauri hata siku moja, lakini sauti yake iliniinua kitini. Nikamkuta Okumu uani, tukatembea pamoja. Tulipofika langoni akashika chuma, akasema bila kunitazama, "Daktari, mimi nilikuja kuaga tu. Kesho naingia ziwani, na sirudi."

Nikamshika mkono, sikumwachia. Tukarudi ndani, Mama Risper akaleta chai, tukakaa naye mpaka dada yake akaja kumchukua. Majuma mengi baada ya hapo hakuachwa peke yake. Okumu yu hai, mwanangu. Ana wajukuu, na nisipomtembelea hunipigia simu kunigombeza.

Nimesomeshwa na maprofesa, nami nawaheshimu. Lakini ukiniuliza nani alinifundisha kazi hii, nitamtaja Mama Risper kwanza. Alijua watu, na alinikaripia bila kunidharau.

Basi rafiki yako akija akaongea ya mpira na ya mvua, usiseme hana neno. Weka simu chini, vaa viatu, msindikize, na utembee polepole. Akilitoa, usimhubirie, kaa naye, ita watu wa kumsaidia. Nawe likikulemea, usingoje kufika langoni ndipo useme. Mungu akupe masikio ya mama yule, na asikukoseshe mtu wa kutoka nawe hadi barabarani.