Aliyefunga Maombi

Kwa miaka sita nilikuwa na mwenzangu mmoja wa maombi, jirani yangu hapa Kitengela. Kila Jumatatu asubuhi tulipiga magoti sebuleni kwake. Nilimwamini kuliko dada zangu wa tumbo moja, na ndiyo maana nilimwambia kuhusu kifafa cha binti yangu.

Binti alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kajiado mjini. Alikuwa amenisihi, "Mum, nitamwambia mwenyewe. Niachie hiyo." Nikakubali. Wiki hiyo hiyo nikaipeleka habari hiyo kwa jirani iwe ombi letu la siri, maana nilidhani Mungu husikia haraka zaidi tukimwita wawili.

Alhamisi moja ushirika wetu wa maombi wa kina mama ulikuwa nyumbani kwangu. Shangazi wa yule kijana, anayeishi mtaa wa pili, alikuja pia. Kwetu tunaomba wote kwa wakati mmoja, kila mtu na lake, kelele tupu. Hata ukiungama wizi hakuna atakayekusikia. Kisha watu hunyamaza na mmoja anafunga. Siku hiyo jirani yangu ndiye aliyeombwa afunge.

"Bwana, uko karibu na wote wanaokuita," akasema. "Mguse binti wa nyumba hii. Hiyo kifafa imemsumbua tangu utotoni, iondoke kabla ya harusi!"

Watu wakaitikia amina. Na mimi, kwa mazoea ya kijinga, nikaitikia. Nilipofungua macho shangazi alikuwa akimtazama binti yangu, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni na birika mkononi. Mama huyo hakungoja chai.

Nilimkabili jirani langoni.

"Lakini dada, si nilikuwa naomba tu?" alisema, uso mkavu kabisa.

Nilitamani kumzaba kofi, mlokole mwenzangu. Sijakanyaga kwake tangu siku hiyo.

Jumamosi nilimsindikiza binti Kajiado akaongee na mchumba wake. Nilimngoja kwenye benchi nje ya duka, upepo ukinipiga vumbi usoni, nikimgombeza Mungu. Wewe uliyekuwa karibu hivyo, mbona hukumziba mdomo?

Binti hakukawia. Shangazi alikuwa amefika kwa simu kabla yetu. Ugonjwa haukumsumbua kijana, binti aliniambia. Kilichomuuma ni kwamba ushirika mzima wa kina mama ulijua na yeye hakujua. Binti alikuwa amemrudishia pete.

Nikaanza kumlaani jirani. Nilimwita nyoka, nikamwita mnafiki, nikiwa bado na mengine. Binti akaninyamazisha kwa mkono.

"Mum, huyo mama sikumwambia. Niliambia wewe."

Tukaingia garini. Hatukuwa tumetoka mjini vizuri alipouliza, akiangalia nje, "Na kama Mungu yuko karibu vile unatuambianga, ulikuwa unamtafutia msaidizi wa nini?"