Maneno ya Mwisho ya Fumba Macho

Simu ilipolia, fundi cherehani alikuwa ameuma pini tatu mdomoni, na mbele yake kulikuwa na sare ya shule isiyo na mkono mmoja. Aliyepiga alikuwa shangazi yake.

"Mwanangu, acha kazi uje. Baba yako hali yake si nzuri."

Fundi akazitema pini kiganjani. Katika ukoo wao mtu hafi kwenye simu. Kwenye simu hali huwa si nzuri tu, na ukifika nyumbani unakuta viti vimeshatolewa nje.

Alikuta vimetolewa.

Marehemu baba yake alikuwa polisi, mwandishi wa maelezo ya mashahidi kwa miaka thelathini na moja, na mji mzima ulimwita Fumba Macho. Jina hilo alilipata kazini. Shahidi akiketi mbele yake, hakumuuliza kama mwizi alikuwa mrefu au mfupi. Alimwambia, "Fumba macho. Rudi pale pale ulipokuwa. Jua liko upande gani? Unanusa nini? Sema kila kitu, hata cha kipuuzi. Mimi nimeshanyamaza." Na kweli alinyamaza. Shahidi akimaliza, alimtaka asimulie upya kutoka mwisho kwenda mwanzo. "Mtu akienda mbele," alisema, "husimulia yanayofaa kutokea. Akirudi kinyumenyume, ndipo husimulia yaliyotokea."

Hayo alifundishwa na mtaalamu wa saikolojia katika kozi ya wiki mbili, akayapokea kama mtu aliyeokoka. Nyumbani walikoma. Sukari ikipungua, watoto walipangwa mkekani, macho wameyafumba, wakisimulia asubuhi yao kuanzia mwisho. Fundi alikua akiamini kwamba kuiba sukari ni dhambi ndogo kuliko kusema "nadhani".

Lakini kila toba ina dhambi iliyoitangulia. Kabla ya kozi, duka la vifaa vya ujenzi lilivunjwa, na shahidi pekee alikuwa mdogo wake wa damu, baba mdogo wa fundi. Kumhoji ndugu yake kulikuwa kosa tayari, naye akaliongezea la pili. "Mwizi ni yule mshona viatu wa pale kona, sivyo?" Mdogo mtu, kwa heshima ya kaka, akaitika. Mshona viatu akakaa ndani miaka miwili, hadi mwizi mwenyewe alipokamatwa akiuza misumeno ya duka lile. Tangu hapo ndugu wale hawakusemezana. "Wewe ndiye uliyesema." "Wewe ndiye uliyeuliza." Miaka ishirini na sita.

Sasa shangazi, dada yao mkubwa, alikuwa amewatangazia waombolezaji kwamba yeye ndiye aliyekuwa chumbani, na marehemu alitamka waziwazi kuwa mdogo wake asitupe udongo kaburini. Jirani, aliyekuwa mlangoni akirudisha ngazi, aliapa kuwa marehemu alikufa akisali. Mtu aliyeufundisha mji kukumbuka alikuwa amekufa adhuhuri mbele ya mashahidi wawili, na alasiri haijafika, tayari alikuwa na vifo viwili.

Baba mdogo alifika kesho yake kwa basi la kwanza. Akaambiwa. Akaenda kuketi juu ya tofali nje ya uzio, kofia mapajani. Maziko yalikuwa saa nane mchana.

"Baba mdogo, ingia ndani," fundi alimwambia.

"Niingie nifanye nini, binti yangu? Neno la maiti halikatiwi rufaa."

Fundi akamwomba Mungu subira, maana shangazi si mtu wa kuhojiwa. Akamfuata jikoni.

"Shangazi, njoo chumbani kidogo. Keti pale ulipokaa jana."

"Kufanya nini? Wageni wanataka chai." Kisha akamtazama vizuri. "Ala! Unataka kunifumbisha macho mimi? Mimi niliyembeba baba yako mgongoni?"

"Angekuwepo angekufumbisha mwenyewe."

"Alishanifumbisha sana. Hata chupa ya mafuta niliyovunja aliipata kwa ujinga huu huu." Lakini akaketi kwenye kigoda, kando ya kitanda kilichotandikwa upya, akafumba.

Fundi alijijua ana haraka kama baba yake wa kabla ya kozi, kwa hiyo akauma pini tatu asije akamdakia maneno.

Shangazi akasimulia. Harufu ya dawa ya kuchua. Pazia lililonasa dirishani. Inzi. Mwishoni, udongo, kama alivyotangaza. Fundi hakutikisa hata kichwa.

"Sasa rudi kinyumenyume," alisema kati ya pini.

"Alikata roho. Kabla ya hapo alinikunjia uso. Kabla ya hapo alisema..." Nje mtu alikuwa akipanga vikombe. "Alisema, 'Dada, unaniwekea maneno mdomoni.'"

Fundi akazikaza pini kwa meno.

"Kabla yake aliitika. 'Mm.' Nilikuwa nimemwekea kikombe cha maji mdomoni. Na kabla ya kikombe..." Sauti ikashuka. "Mimi ndiye niliyesema. 'Yule mdogo wako asikutupie udongo, sivyo?'"

"Na kabla ya hapo?"

"Aliuliza kama amefika. Mdogo wake. Nikamwambia bado." Akafumbua macho, yamelowa. "Mwanangu, sikudanganya. Naapa, hivyo ndivyo nilivyokumbuka."

"Najua, shangazi."

Alijua kweli. Baba yake alikuwa akisema hakuna anayeapa kwa moyo safi kama shahidi aliyekosea.

Fundi akatoka hadi kwenye tofali, ulimi ukimwasha kusema, "Alikusamehe." Akalimeza neno hilo. Nyumba ile ilishaumizwa vya kutosha na watu waliowamalizia wenzao sentensi.

"Baba aliuliza kama umefika."

"Alisema amenisamehe?"

"Hakusema. Aliuliza kama umefika."

Mzee akaivaa kofia yake, akainuka. "Basi nimefika."

Walimzika saa nane. Ibada ilikuwa fupi. Shangazi alitupa udongo wa kwanza, kisha akamshika mdogo wake mkono akamsogeza mbele. Baba mdogo alichota kwa viganja viwili, akatupa, akarudi nyuma. Fundi akatupa wake. Vijana wakashika sepetu. Kwenye sala ya mwisho wote walifumba macho, kisha wakarudi nyumbani.