Kufuli Mbili za Stesheneri

Juzi nilikwenda kuchapisha barua kwenye stesheneri moja ya Lipangalala, hapa Ifakara. Mbele yangu mama mmoja alikuwa ameleta kitambulisho chake kuskaniwa. Akamuuliza mwenye duka, "Picha yangu inabaki humo? Programu nyingine haziwezi kuichukua?"

"Ondoa shaka, mama. Kila programu humu imefungiwa kwenye chumba chake. Haitoki."

Hapohapo ujumbe ukatokea kwenye kioo cha kompyuta. Niliusoma kwa sauti: limegunduliwa tundu ambalo programu inaweza kulipitia ikatoroka ilikofungiwa na kusoma mafaili yako, sasisha sasa lizibwe. Jamaa hata hakusoma. Akabonyeza "baadaye" kama anayefukuza nzi.

"Mbona umeuondoa?" nikamuuliza.

"Hizo apdeti zinamaliza bando, bosi."

Bando lenyewe lilikuwa linaonyesha mechi kwenye simu aliyoiegemeza kwenye printa.

Mama akashtuka. "Sasa hilo tundu je?"

"Nani ahangaike na sisi wa Ifakara, mama? Wadukuzi wako Ulaya."

Hawa ndio tunaowakabidhi vitambulisho vyetu, tena tunawashukuru.

Saa saba akatutoa nje akale. Akafunga mlango kwa kufuli mbili, akazitikisa moja moja, akaondoka, kisha akarudi kuzitikisa tena. Vitambulisho vya nusu ya mji vimo ndani, na tundu lao. Alipoona namkodolea macho, akanieleza kwa upole:

"Mtaa huu una wezi, bosi."