Maboga Yaliyotiwa Chumvi

Mtahini wa mwisho wa tasnifu yangu aliniuliza swali moja tu: "Wewe mwenyewe umewahi kumtia samaki chumvi kwa mkono wako?" Nilikuwa nimeandika sura tano juu ya namna chumvi inavyotoa maji katika nyama ya samaki. Nikasema sijawahi. Shahada ya uzamili nilipewa, lakini tangu siku ile kila nilichokijua kwa kusoma nilikitilia shaka, na kila aliyejua kwa mkono nilimwamini kuliko nafsi yangu.

Baada ya miezi mingi ya kutoitwa popote, hoteli moja ya Jabal al Akhdar, milimani huku Oman, ikanipa majaribio ya kazi ya mapambo. Sharti lilikuwa wazi. Nijifunze kuchonga maboga yawe nyuso za kutisha, kwa ajili ya Halowini ya wageni. Maboga yangu matatu yakikaa ukumbini tangu Jumapili hadi siku ya sherehe bila kuharibika, kazi ni yangu.

Aliyenifundisha alikuwa mchongaji wa matunda wa jikoni, mwanamume wa rika langu, mzaliwa wa Ibra ambaye wazee wake walitoka bara ya Afrika. Kiswahili chake hakikuwa na ngeli. Mkono wake haukuwa na kosa.

"Boga hii usikate wima, dada msomi. Lalisha kisu. Ukikata wima, kifuniko itaanguka ndani."

"Kisu kimelala," nikasema.

"Hii imelala? Hii imekaa, inakunywa kahawa."

Alinionesha kukwangua ndani hadi ukuta ubaki unene wa kidole, kuanza na macho na kumaliza na meno. "Ukimaliza, paka mafuta kwenye mikato, isikauke. Mafuta tu. Fahamti?"

Nilifahamu. Hata niliandika.

Alhamisi niliyapeleka maboga nyumbani Nizwa nikayachonge mwisho wa wiki. Nilimwamkia Bibi, mama yake baba, aliyezaliwa Malindi ya Unguja.

"Marahaba. Hayo maboga au mipira? Mbona mekundu hivyo?"

"Ya nje, Bibi. Si ya kula. Ya kutishia watu."

"Ya Rabbi! Umesomeshwa miaka yote hiyo uje utishe watu kwa boga?"

Hata hivyo alikaa karibu yangu siku mbili nzima. La kwanza lilipopata meno alilitazama sana, akasema limefanana na shangazi yangu anapodai mahari ya mwanawe. Tulicheka. Sikumbuki kucheka tena mwezi ule.

Jumamosi baada ya alasiri yote matatu yalikuwa tayari, nikachukua chupa ya mafuta. Bibi akanishika mkono.

"Mafuta yataozesha, mwanangu. Kitu ukitaka kikae, kitie chumvi. Siye kwetu papa tukimtia chumvi akikaa mwezi, wala hanuki."

Hapo ndipo nilipofikiri kupita kiasi. Nilijua kwamba papa hukaa kwa sababu chumvi imemtoa maji. Nilijua pia kwamba boga husimama kwa maji yake, na likiyakosa litalegea. Lakini haya niliyajua kwa kusoma. Bibi alijua kwa mkono. Nikairudisha chupa mahali pake, nikasugua chumvi ndani ya maboga yote, kila pembe ya kila jicho.

Asubuhi sinia chini ya maboga zilikuwa zimejaa maji. Nikajiambia ni machache. Gari ya wafanyakazi ilipomaliza kupanda mlima, midomo ilikuwa imekunjika kama ya vizee vilivyotolewa meno.

Mkuu wa mapambo alibonyeza boga moja, kidole kikazama. Akauliza limepakwa nini.

"Boga yenyewe ilikuja mbovu," mchongaji akawahi kujibu. "Sokoni wametudanganya."

Ningenyamaza tu. Lakini swali lilikuwa wazi, na jibu nilikuwa nalo.

"Chumvi," nikasema.

Mkuu alinishukuru kwa adabu kubwa, akaniambia nisihangaike kurudi kesho.

Nje, mchongaji alinitazama kama mtu anayetazama sahani iliyovunjika. "Kwa nini umesema?"

"Kaniuliza."

"Lahaula! Na mimi nilikuwa nafanya nini pale?"

Nyumbani Bibi alikuwa mlangoni. "Yamekaa?"

Kwa mkuu wa mapambo nilikuwa nimesema kweli iliyoniponza. Kwa Bibi, ambaye kweli hiyo ingemhukumu yeye, ulimi haukuweza.

"Yamekaa, Bibi."

"Umeona? Na kazi?"

"Nimepata."

Akapiga kigelegele, akawapigia simu ndugu zake wa Sur, mmoja baada ya mmoja, akiwasimulia habari ya chumvi. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, alinitayarishia chai na mkate wa kumimina, akasimama dirishani kuitazamia gari ya hoteli, nisije nikaachwa.