Chumba cha Juu cha Dorcas Tranter

Dorcas Tranter alizaliwa katika kijumba cha matofali mekundu huko Staffordshire, Uingereza. Babu yake, mfyatua matofali, alikijenga mwenyewe enzi za Malkia Viktoria. Matofali mazuri yaliuzwa. Yeye aliokota yaliyoungua kupita kiasi tanurini, akayapanga moja kwa urefu, moja kwa kichwa, ukuta ukatokea na madoa kama kanga. Chini chumba kimoja, juu kimoja, na ngazi nyembamba nyuma ya dohani.

Humo Dorcas aliolewa, humo akafiwa. Enoch, mumewe, alifukiwa na kifusi katika machimbo ya makaa ya mawe. Naye hakuhama.

Mwaka 1964, Dorcas akiwa na miaka sabini na mmoja, afisa wa halmashauri alibisha hodi.

"Nyumba hii ina unyevu, bibi. Tutaibomoa."

"Mimi na huo unyevu tumezeeka pamoja, mwanangu, na hatujagombana bado."

Wakamhamishia ghorofa ya tano mjini. Haikupita miaka miwili, mtaalamu wa majengo ya kale akaziona zile kuta, bado hazijabomolewa. Akaandika kwamba nyumba za vibarua zilizojengwa kwa ufundi ule zimebaki chache mno. Ubomoaji ukasimamishwa. Dorcas aliposikia, alivaa kofia yake ya kanisani akaenda ofisini kuomba ufunguo.

"Sasa ni ya watu kuja kuitazama," wakamwambia.

"Kwani mimi si mtu?"



Siku ya kufunguliwa alipanga foleni kama mgeni. Binti mwongoza wageni alisifu tao la mlango na chokaa iliyounganisha matofali, kisha akaonyesha juu. "Huko walihifadhi viazi."

"Viazi?" Dorcas alishika ukuta. "Wanangu mapacha walizaliwa huko. Susannah aliishi siku nne. Job, sita."

Binti akatoa kalamu. "Niwaandike kwenye kibao cha maelezo, bibi?"

"Waandike."

Akamtajia majina herufi kwa herufi. Lakini kibao kilipotundikwa, kilieleza matofali, tao na mwaka wa ujenzi. Kuhusu kile chumba cha juu kilisema tu: chumba cha kulala. Dorcas alikisoma mara mbili, akarudi kwake bila kumlaumu mtu.

Alifariki Februari iliyofuata. Lifti ilikuwa finyu, kwa hiyo majirani walilishusha jeneza kwa ngazi, wakipumzika kila ghorofa.