Chukudu za Wamormoni

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Bruxelles nilivaa koti la kuazima, nikaenda mtaa wa Saint-Gilles kutafsiri mahubiri ya Wamormoni. Mkuu wa wakalimani, madame aliyekijua Kiswahili na asiyecheka ovyo, alinionya mlangoni: "Usiongeze, usipunguze. Mtu akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'." Nyinyi wakalimani vijana wa leo mnajibu tu "anasema, anasema". Enzi zetu ungefukuzwa.

Waliokuja kusikiliza walikuwa wakimbizi wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Mhubiri alieleza jinsi wazee wa dini yake, huko Amerika, walivyofukuzwa makwao kwa ajili ya imani, wakatembea miezi kuelekea magharibi, vyombo vyao kwenye vigari vya kuvuta kwa mikono. Wengine walizika watoto njiani wakaendelea. Mimi mtu wa Lubumbashi, kwa kutaka kuwapendeza watu wa Goma, vigari nikaviita chukudu, ile baiskeli yao ya mbao isiyo na pedali. Kumbe nimeongeza.

Maman Furaha wa Goma alisimama.

"Na siye tulikimbiaka na chukudu. Papa, umuulize: bale balizikaka batoto mu njia, balirudiaka kuona makaburi? Miye niliachaka wangu kule. Alikuwa na deux ans, miaka mbili tu."

Nilifungua mdomo kusema "mimi", likatoka neno jingine: "Anasema..." Madame akanikazia macho. Nikaanza upya kwa Kifaransa: "Mimi nilimwacha wangu kule." Sikuwa na mtoto bado, lakini niliumia kama ni wangu.

Mhubiri akamjibu: "Wengi hawakurudi, mama. Walibaki wakiyataja majina. Wako aliitwa nani?"

"Baraka."

Mhubiri akanigeukia, akisubiri Kifaransa. Nikamwambia hilo ni jina, libaki hivyo hivyo.

Nje madame akasema, "Umeongeza chukudu."

"Ndiyo, madame."

"Bon, haya. Usirudie." Akanipa leso yake.

Baadaye nilitafsiri mahakamani na hospitalini, hadi nikastaafu. Sasa nakwenda Anderlecht, kwenye nyumba ya wazee, kumtembelea Maman Furaha. Kifaransa kimemtoka akilini chote, na mengine yanamtoka pia. Juzi alinishika mkono, ana wasiwasi.

"Papa, ule mutoto niliachaka kule. Jina yake ilikuwa nani?"

Nampenda mama huyu, na nilitamani kumwambia mengi. Sikuongeza, sikupunguza.

"Baraka," nikamwambia.