Namba ya Mjini

Nikiwa jikoni kwetu, upande wa Kaisho, simu yangu hunikaribisha Uganda. Sijavuka mto wa mpakani, sina pasi, nimeshika mwiko, lakini ujumbe unaingia kunitakia safari njema. Nikisogea kwenye mibuni nyuma ya nyumba, inanikaribisha Rwanda. Watu wa huku tumezoea. Mahali pa maana, hospitali au benki, ukiulizwa namba yako unatoa mbili: yako mwenyewe, na ya ndugu anayekaa mjini ambako mtandao hautangatangi. Tunaiita namba ya mjini. Ndugu akipigiwa, anakutumia mtu wa bodaboda, au anangoja Jumapili akuone kanisani. Ndivyo tunavyoishi, na hakuna anayefikiria mara mbili.

Namba ya mjini niliyoijaza kwenye maombi yangu ya shahada ya uzamili ya saikolojia ilikuwa ya kaka yangu.

Nafundisha sekondari ya kata. Kwa sababu shahada yangu ya ualimu ilikuwa na masomo machache ya saikolojia, nilikabidhiwa unasihi, na ofisi yake ni chumba ninachogawana na majembe ya shule na mipira iliyopasuka. Wanafunzi walikuja, wengi kuliko nilivyojiandaa. Kuna mwaka wasichana wa kidato cha pili walianza kuanguka darasani, mmoja akipiga kelele na wengine wakifuata. Wazazi wakasema mapepo. Mchungaji akaja kwa mlango wa mbele, mganga akaja kwa mlango wa nyuma, na mimi mwenye cheti nikabaki nagawa maji ya glukosi. Nilijiona kituko.

Lakini aliyenisukuma hasa ni msichana mmoja aliyeacha kuzungumza baada ya baba yake kufa. Kila mchana alikuja ofisini, akakaa juu ya gunia la maharage ya shule, akanitazama. Kengele ikilia anaondoka. Nilimsemesha kwa Kiswahili, nikamsemesha kwa Kinyambo, nikanyamaza naye, nikaomba naye. Muhula ukaisha hivyo. Uliofuata hakurudi, nikasikia ameacha shule kabisa. Nilijua ipo namna ya kumsaidia mtoto wa aina ile, na wapo watu wanaoijua, na mimi si mmoja wao. Hilo lilinikaa rohoni. Nilitaka kwenda chuo nikajifunze, basi. Wengine walidhani natafuta cheo, nikawaacha wadhani.

Kikwazo kilikuwa mama. Alikuwa amepata kiharusi kilichomchukua upande wote wa kushoto. Baba alikufa zamani, na kaka ndiye mrithi: kibanja chote, migomba na kahawa, ni chake kwa mila yetu, na mila hiyohiyo inamtaka mrithi akae kwenye kibanja na kumtunza mama. Lakini kaka ana duka la misumari na rangi mjini Kayanga, na mkewe ni mtu wa Kayanga ambaye udongo wetu unamharibia viatu. Mimi sijaolewa. Nikaomba uhamisho, nikarudi nyumbani bila kuombwa na mtu, na watu wakanisifu sana, kama watu wanavyosifu kazi wasiyotaka kuifanya. Nilimwogesha mama, nilimlisha, nilimgeuza. Nampenda mama yangu. Nalisema wazi kabisa, maana huko mbele mtu anaweza kutilia shaka.

Kabla sijaomba chuo tulikaa watatu, mama, kaka na mimi, tukala ndizi kwa maharage, nikawaeleza. Kaka hakusita. Alisema atamleta mkewe kwenye kibanja, au mama atahamia Kayanga, mojawapo.

"Nenda kasome, mdogo wangu," alisema. "Mama ni wetu sote."

Mama naye alicheka kwa ule mdomo wake uliopinda. "Utakuwa daktari wa vichwa," akasema. Tangu siku hiyo, kila mgeni aliyekuja kumwona aliambiwa habari hiyo kabla hata hajatafuna buni za ukarimu. Wengine waliuliza kama nitawatibu waliorogwa.

Maombi niliyafanyia steshenari moja ya Kayanga, maana mfumo wa chuo ulikuwa unakataa kila nilichopandisha kwa simu. Maelezo binafsi niliyaandika mwenyewe nyumbani, nikayafuta, nikayaandika tena. Niliandika habari ya yule msichana wa kwenye gunia. Nilipofika pa namba za simu sikufikiri: yangu, na ya kaka. Nilipotoka nikapitia dukani kwake kumweleza kwamba chuo kikipenda maombi kitapiga kuniita kwenye usaili, kwa hiyo simu yake isizime. Akasema haitazima, na akanipa soda.

Kisha nikangoja. Kila jioni nilipanda mpaka kanisani, juu kilimani ambako mtandao hutulia, nikasimama pale kama ninayesali. Hakuna kitu. Jumamosi kaka alikuja na sukari na mkate, akakaa kwa mama, na wakati wa kuondoka akaniuliza, "Bado hawajapiga?" Nikamwambia bado. Akatikisa kichwa, akasema vyuo vya siku hizi vina urasimu, nisikate tamaa. Jumamosi iliyofuata akauliza tena. Mimi ninayewafundisha wanafunzi kwamba uso wa mtu una mengi ya kusoma, nilikuwa nautazama uso wa ndugu yangu wa tumbo moja na nikaona huruma tu. Nilimshukuru hata kwa kuuliza.

Nilipoona masomo yanakaribia kuanza, nikapiga mwenyewe. Nilisimama nje ya kanisa, mgongo kwenye ukuta. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Akatafuta jina langu, akalipata.

"Dada, tulikupigia wewe hukupatikana," alisema. "Tukapiga namba ya pili. Kaka yako akapokea, baadaye akatupigia kusema umeahirisha kwa sababu za kifamilia. Na kwenye usaili hukuja, kwa hiyo nafasi akapewa mwingine."

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika, akanipa pole, na akanishauri niombe tena dirisha likifunguliwa. Nikamjibu ahsante. Sijui kwa nini nilishukuru. Nikakaa pale pale kwenye nyasi, na mzee mmoja aliyekuwa akipita akasimama kuniuliza kama nimefiwa.

Kesho yake nilikwenda Kayanga. Kaka alikuwa anampimia mteja misumari. Aliniona, na safari hii uso niliusoma vizuri. Mteja alipoondoka nikamuuliza kama chuo kilipiga. Hakukana.

"Kaa kwanza, unywe chai," alisema.

"Walipiga?"

"Walipiga. Tulikaa kikao, tukaona bado si wakati."

"Kikao cha nani?"

"Cha familia."

"Na mimi ni nani?"

Akainamisha kichwa akaanza kuokota misumari iliyodondoka chini, mmoja mmoja, mtu mzima mwenye watoto. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia pia kwamba amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba kuniuliza kila Jumamosi kama wamepiga ni ukatili kuliko kuninyima chuo. Alisikiliza yote bila kujitetea hata kwa neno moja. Nilidhani ni hatia inayomfunga mdomo. Nikaondoka, chai ikabaki mezani.

Tangu siku hiyo sikumsemesha. Alipokuja nyumbani mimi nilitokea mlango wa nyuma nikaenda shambani. Msimu wa kahawa ukaja, tukachuma, akaja na vibarua wake, nikawapikia vibarua na yeye nikampakulia bila kumtazama. Kanisani tulikaa mabenchi tofauti. Watu wakaanza kuulizana. Nilijiona nina haki, na haki ile ilinisaidia kuamka asubuhi. Angalau nilijua wa kumchukia ni nani.

Siku moja, Jumamosi tena, nilikuwa namwogesha mama nyuma ya nyumba, kwenye kile kibanda chetu cha majani ya migomba. Kaka alikuwa ametoka kuondoka. Nilikuwa nimemsugua mama mgongo na nilikuwa nahamia kwenye ule mkono usiofanya kazi, aliposema bila kugeuka:

"Unamnunia kaka yako bure."

"Si bure, mama. Unajua alichonifanyia."

"Najua. Siku walipompigia alikuja hapa mbio na pikipiki, wewe uko shuleni. Alikuwa anacheka. Akasema wamemwita, mama, wamemwita." Akapumzika kidogo, maana maneno marefu humchosha. "Mimi ndiye niliyemwambia arudi akawaambie huendi. Akakataa. Nikalia mpaka akakubali. Nikamwapisha asikwambie."

Niliuliza kwa nini.

"Mkaza mwanangu hawezi kunitunza. Alipolala hapa Krismasi alinishika kwa vidole viwili. Sitaki kufa nimeshikwa kwa vidole viwili."

"Lakini ulicheka, mama. Uliwaambia wageni wote."

"Nilifurahi. Sikujua kama watakuita kweli." Akageuza shingo akanitazama kwa lile jicho lake zima. "Kasome, mwanangu, sikatai. Ila ningoje nife kwanza."

Kaka nilimtukana nikatoka dukani. Mama huwezi kutoka ukamwacha juu ya kigoda, uchi, ana povu mpaka shingoni. Nilimmwagia maji, nikamkausha, nikampaka mafuta, nikamvalisha, nikambeba mpaka kwenye mkeka wake uani. Mikono ilifanya yote kama kawaida. Aliyenisaliti ni yule ambaye kwa ajili yake nilirudi, na alifanya hivyo kwa sababu ninamshika vizuri. Ningekuwa mwogeshaji mbaya, leo ningekuwa chuoni.

Kaka nilimpigia nikamwomba radhi. Alijibu tu, "Usijali, mdogo wangu," akauliza kama mama amekula, na salio langu likaisha.

Dirisha la maombi limefunguliwa tena. Nimeingia kwenye mfumo, nimejaza jina na shule nilizosoma, nimefika kwenye mwaka ninaotaka kuanza masomo, nikashindwa kuchagua. Wanakupa miaka kadhaa kwenye orodha, ubonyeze mmoja. Niliitazama ile miaka, nikakumbuka neno la mama, nikajua nachagua nini hasa.

Kila asubuhi naingia chumbani kwa mama nampa shikamoo. Ananijibu marahaba, ananiambia amelala vizuri. Zamani jibu hilo lilinifurahisha, kwisha. Sasa kabla ya furaha kuna kitu kingine kinapita, kifupi sana, na sihitaji uzamili kukijua jina lake. Kuninyima chuo ninaweza kumsamehe, nadhani hata nimeshamsamehe. Kunifanya niingie kwake asubuhi nikiwa sijui ninataka kumkuta vipi, hilo bado.